Karatasi 1,000, wateja wawili: fundi wa kushona ajitangaze vipi bila intaneti?

"Papa, jambo. Niko na atelie ndogo ya kushona hapa Katuba, Lubumbashi, mashini mbili, mimi na binti mmoja ninayemfundisha. Kazi yangu ni nzuri, wateja wenyewe wanasema. Lakini kuna majuma mashini zinalala. Mwezi uliopita nilipiga karatasi 1,000 za matangazo kwenye imprimeri, dola 40. Tulizigawa mjini pale Posta na kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Walikuja watu wanne, na wawili tu waliacha kitambaa. Mtoto wa dada yangu anasema karatasi zimekufa, niingie Facebook. Mimi simu yangu ni ya vifungo, na wateja wangu wengi ni mama ambao megabaiti wananunua siku wakiwa na pesa. Sasa kuna mtu wa redio anataka dola 150 kwa mwezi, na mwingine anauza nafasi ya kalikoo, kile kitambaa cha tangazo kinachoning'inizwa barabarani. Nifanye nini bila intaneti ili watu wanijue? Ao nishushe bei?"

Mama, jambo sana, na pole kwa hizo dola 40.

Barua yako ina maswali matatu ndani yake: kama karatasi zimekufa kweli, kama redio au kalikoo itakufaa zaidi, na kama ushushe bei. Nitayajibu yote, ila kuna jambo ulilolipita haraka. Watu wanne walifika mlangoni kwako. Wawili waliacha kitambaa, wawili waliondoka nacho. Maana yake karatasi ilifanya kazi yake yote: ilileta watu. Kilichowarudisha wale wawili nyumbani ni kitu kingine, na kitu hicho ndicho kinachoamua matangazo gani yanamfaa fundi wa kushona na yapi yanamlia pesa bure.

Mtazame mama anayetoka sokoni na kikwembe kipya, kitenge cha yadi sita. Pengine alingoja zamu yake ya likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, ndipo akakinunua. Kabla hajakuachia anajiuliza: huyu atakata vizuri? Atamaliza kabla ya arusi? Na vipande vitakavyobaki vitarudi? Hapa Lubumbashi kila familia ina hadithi ya fundi aliyesema "pita Ijumaa", na Ijumaa ilipofika akasema SNEL walikata umeme, na Ijumaa iliyofuata akasema binti wa kupiga overloki amefiwa. Kitambaa kikishapita kwenye mkasi hakiwi tena kitambaa. Anayekosea duka la sabuni amepoteza franka kidogo. Anayekosea fundi amepoteza kikwembe, na siku ya arusi atavaa cha zamani mbele ya wakwe.

Hofu hiyo karatasi haiwezi kuiondoa. Karatasi inasema jina, kazi na namba ya simu. Haiwezi kutoa ushahidi. Ushahidi hutolewa na mtu aliyevaa nguo yako, au na mtu anayeaminiwa na mwenye kitambaa. Ndiyo maana famasi mpya inaweza kugawa karatasi ikajaza watu, na fundi hodari akagawa karatasi zile zile akapata wawili.

Halafu kuna nauli. Mteja wa kushona hafiki mara moja. Anakuja kupimwa, anakuja kujaribisha, anakuja kuchukua: safari tatu, kwenda na kurudi. Mtu uliyempa karatasi pale Posta pengine anakaa Golf au Bel-Air, na ukimhesabia taxi-bus mara sita, gauni lako limeshapanda bei kabla hujalishona. Atakuja tu kama amesikia sifa kubwa sana. Wateja wako wa kwanza, na kwa miaka mingi wateja wako wengi, ni wale wanaoweza kukufikia kwa miguu, au kwa safari moja fupi ya pikipiki.

Kwa hiyo mtoto wa dada yako amekosea sababu. Karatasi hazikufa, zilienda kwa watu wasio wako. Na hata hivyo tusizilaani haraka. Dola 40 kwa wateja wawili ni dola 20 kila mmoja. Tuseme gauni moja linakuachia dola 6 ukishatoa uzi, zipu na bitana. Mteja huyo atalipa gharama ya kumleta akishona gauni la nne. Akirudi, hukupata hasara. Asiporudi, ulimnunua kwa bei kali. Hesabu hii ndiyo utakayoitumia kupima kila anayekuja kukuuzia matangazo, kuanzia huyo wa redio.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Kama ungekuwa na nguvu ya kufanya jambo moja tu mwezi huu, ningekuambia uende kwa mama wanaouza vikwembe. Waache wapita njia wa sokoni. Nenda kwa wauzaji wenyewe, pale Kenya, na kwenye vibanda vya vitambaa vilivyo karibu nawe Katuba. Mtu akishalipa kikwembe, swali linalofuata kinywani mwake ni "nikishonee wapi?", na mara nyingi anamuuliza yule yule aliyemuuzia. Hakuna dakika nyingine katika mwaka mzima ambapo mtu huyo anamhitaji fundi zaidi ya hiyo, na jibu linatoka kwa mtu ambaye ameshamwamini kwa pesa yake.

Usiende mikono mitupu ukimwomba akutaje tu. Mpe sababu. Chagua wauzaji wawili au watatu, uongee na kila mmoja hivi: yeye atoe kitambaa ambacho hakitembei sana kwenye kibanda chake, wewe utoe kazi, ushone blauzi na sketi nzuri za kutundika mbele. Yeye anauza, kwa sababu kitambaa kilichoshonwa kinaonekana kuliko kilichokunjwa. Wewe nguo yako inasimama sokoni kutwa bila kulipa nafasi. Semeni mapema nguo hiyo ni ya nani mwishoni, na kila baada ya majuma machache ubadilishe mshono, maana vumbi la kiangazi litaifanya ionekane kuukuu na itakuharibia jina. Akileta mteja, mshukuru kwa kitu kinachojulikana: franka kadhaa kwa kila nguo, au umshonee yeye mwenyewe bure akishaleta watu kumi. Lipa siku hiyo hiyo. Anayecheleweshewa shukrani leo, kesho atamtaja fundi mwingine.

La pili ni dogo kwa mikono lakini wengi hawalifanyi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa fundi wa Katuba methali hiyo ina tundu. Jumapili, watu wakitoka kanisani, gauni lako zuri linapita mbele ya macho ya watu wengi, na hakuna anayejua ni lako. Mwenye gauni akiulizwa atasema "kuna mama mmoja kule ndani-ndani", basi imeisha. Weka lebo. Utepe mweupe mwembamba, urefu wa kidole, wenye jina la atelie na namba ya simu, unaushona ndani ya shingo au kwenye mkanda wa sketi. Imprimeri zinazopiga tisheti zinaweza kukupigia utepe huo. La sivyo chonga muhuri, upige mwenyewe kwa wino wa nguo. Kabla ya kushona hata mmoja, fua utepe mara kadhaa kwa maji moto na upige pasi ya makaa juu yake. Wino ukitoka na kuchafua blauzi nyeupe ya mtu, hayo yatakuwa matangazo ya aina nyingine.

Pamoja na lebo, unapomkabidhi mteja nguo yake mtilie mfukoni vikaratasi viwili vidogo: kimoja chake, kimoja cha kumpa rafiki. Hapo ndipo karatasi, kama kuna zilizobaki kwako, zinapata kazi, kwa sababu sasa kila moja inatoka mikononi mwa shahidi. Nyuma yake andika kwa kalamu njia ya kufika kwako kama tunavyoelekezana mji huu: shuka wapi, kanisa gani, depo ya bia gani, mlango wa rangi gani. Namba ya nyumba peke yake Katuba haimfikishi mtu.

Tafuta pia kaye ya shule, ya kurasa mia moja, uiweke karibu na mashini. Kila anayeingia, hata asipoacha kitambaa, andika tarehe, jina, anakokaa, na jibu la swali moja: "Nani alikutuma kwangu?" Usiulize "ulinisikia wapi", watu watajibu "tu hivi". Ukisema nani, watakutajia mtu. Pembeni andika siku uliyoahidi na siku nguo ilipotoka kweli. Baada ya miezi miwili utaona pengine kwamba wateja wako wengi wanatoka kwa watu watatu tu, na mmoja wao hukuwahi hata kumwambia asante. Utaona pia ni mara ngapi ulichelewesha. Ukurasa huo unauma kuusoma, lakini usome.

Maana ucheleweshaji ndio unaojibu swali lako la bei. Usishushe. Bei ya chini haimpi mwenye kikwembe ghali amani, inamtia shaka: kwa nini huyu ni rahisi hivi? Wanaokuja kwa bei wataondoka na bei, na mwezi wa Desemba wakati mashini zimejaa utakuwa unashona usiku kwa faida ndogo. Watu hawalalamiki kwamba mafundi ni ghali, wanalalamika kwamba mafundi wanadanganya siku. Basi uza siku. Andika kwa herufi kubwa ukutani, na umwambie kila mteja: "Tukipitisha siku tuliyoandika kwenye kaye, unalipa nusu ya kazi." Hakuna punguzo litakalosemwa mtaani kama sentensi hiyo. Lakini usiiandike kabla kaye haijakuonyesha kwamba unaweza. Kama nguo moja inachukua mashini moja siku nzima, mashini mbili kwa siku sita ni nguo 12, na hapo hujatoa saa za kukatika umeme. Kama mashini zako zote ni za umeme, ahidi nane. Kama moja ni ya miguu, una bahati, isafishe na uitie mafuta.

Ukishajua nguvu yako, nenda kwa vikundi. Huko ndiko mashini zinakoacha kulala. Fikiria nani huvaa sare katika mwaka wa Lubumbashi: kwaya, mama wa vyama vya Wamethodisti na vya Wakatoliki, familia za arusi wakati wa kiangazi, familia za matanga, mama wa ofisi na wa masoko kwa ajili ya tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, na watoto wa shule kwa ajili ya Septemba. Mtu mmoja akisema ndiyo, watu ishirini wanakuja kupimwa, na kila mmoja ana dada.

Namna ya kuingia si kusimama mlangoni pa kanisa na mikono imejaa karatasi. Anza na kikundi ambacho wewe mwenyewe umo, au mteja wako yumo. Mshonee rais wa kikundi au mwimbishaji sampuli ya mshono, aivae mazoezini, wenyewe wajadiliane. Kwa sare za shule, nyeupe na buluu ya nchi nzima, ongea na komite ya wazazi mwezi wa Juni kabla shule hazijafungwa, Agosti umechelewa. Tangu shule za msingi za serikali zilipofanywa bure mwaka 2019, mzazi amepunguziwa ada, lakini sare bado ni mzigo wake, na mwenye watoto wanne atafurahi kulipa kidogo kidogo kuanzia Julai. Kwenye kaye yako fungua ukurasa wa kila familia.

Niseme wazi mambo mawili kuhusu vikundi. Kwanza, utaombwa komisio. Hata kanisani. Sikuambii ukatae kila mara, nakuambia isiwe siri: kama kiongozi anapata franka kadhaa kwa kila nguo, wanakikundi wajue, au geuza komisio iwe nguo moja ya bure kwa kikundi. Siri ya aina hiyo ikifumuka, jina linalochafuka ni la fundi. Pili, usipokee kikundi bila akonti, malipo ya mbele, ya nusu, na usipokee viwili kwa tarehe moja. Vikwembe vya Machi mara nyingi vinafika mikononi mwa watu mwisho wa Februari, na kila mtu anataka chake kabla ya tarehe 8. Ukipokea thelathini ukashindwa, umejitengenezea mashahidi thelathini wa upande wa pili. Afadhali useme, "Mwaka huu nachukua kumi na tano," na wale wa kumi na sita waone kwamba kwako kunahitaji kuwahi.

Kibao unakihitaji, lakini wengi wanakiweka vibaya. Kibao kilichobandikwa ukutani sambamba na barabara, anayetembea hakioni mpaka amekifikia, na aliye ndani ya taxi-bus hakioni kabisa. Kiweke kitokeze kuelekea barabarani, kionekane na wanaokuja pande zote mbili. Herufi za sentimita 10 husomeka vizuri mtu akiwa mita 12 hivi. Kama barabara yako ni pana, ongeza. Rangi nyeusi juu ya njano au buluu nzito juu ya nyeupe, na maneno machache: USHONAJI, jina, mshale, namba. Orodha ya "tunashona gauni, suti, pazia, kofia, mashuka" hakuna anayeimaliza kusoma. Mji huu una wachoraji hodari, tazama tu vibao vya salo za nywele na vya magargoti, vile vibanda vya chakula. Mpe mmoja wao kazi, uombe achore gauni moja uliloshona kweli. Kibao cha pili kidogo kisimame pale avenyu yenu inapoachana na barabara kubwa. Kabla ya kukisimamisha pita ofisi ya komini uulize ruhusa na kodi yake, uchukue risiti, kwa sababu kibao kisicho na karatasi ni mlango wa kila mtu mwenye tai kuja kukuomba pesa.

Kuhusu huyo mtu wa redio: redio ni chombo kizuri kwa mwenye kuuza mji mzima. Anayeisikiliza yuko Ruashi, yuko Kampemba, yuko njia ya Kasumbalesa, na wewe unalipia masikio yao wote ili upate ya Katuba. Tena tangazo la redio haliingii kichwani kwa mara moja. Linahitaji kurudiwa kwa muda mrefu ndipo mtu alikumbuke siku akiwa na kitambaa mkononi. Kwa dola 150 na faida ya dola 6, unahitaji nguo 25 kila mwezi zilizoletwa na redio peke yake, ili tu usipate hasara. Na mashini mbili! Kama siku moja utafungua shule ya ushonaji au utauza sare kwa mamia, turudi kwenye redio. Kalikoo naifikiria vivyo hivyo: inafaa kwa jambo lenye tarehe, kwa mfano "Sare za shule, mwisho wa kupokea 15 Agosti", ikaning'inia majuma mawili karibu na shule. Kalikoo isiyo na tarehe inapauka na jua, na watu wanazoea kutoiona.

Facebook usiifanye adui. Binti unayemfundisha pengine ana simu ya kupiga picha. Mwambie apige picha ya kila nguo inayotoka, mwenyewe akikubali, mchana, nje, penye mwanga. Baadaye zitakufaa, kwenye intaneti au zikitolewa kwenye karatasi na kutiwa kwenye albamu ya kuonyesha wateja. Kwa sasa albamu ndiyo itakayowazuia watu kama wale wawili wasiondoke, kwa sababu mgeni akiingia ataona kazi yako kabla hajakuuliza bei.

Kuna mambo ambayo jibu la kuandika haliyamalizi. Kama kaye itakuonyesha kwamba watu wanakuja, wanashona mara moja na hawarudi, tatizo halipo kwenye matangazo. Tafuta fundi unayemheshimu aje akae nawe siku nzima, atazame ukataji na umaliziaji wako. INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi, hapa Lubumbashi inafundisha ufundi, nenda uulize mafunzo mafupi ya ukataji na saa zake. Kama mtu anakutaka utie sahihi mkataba wa redio au wa panneau, bango kubwa la barabarani, au unafikiria kukopa ili ujitangaze, usifanye hivyo kabla mtu anayejua hesabu hajaona namba zako. Mkopo wa kununua mashini ya overloki unaweza kujilipa wenyewe. Mkopo wa matangazo sijauona ukifanya hivyo kwa atelie ya watu wawili. ANADEC, shirika la serikali la wajasiriamali wadogo, ni mlango mmoja wa kubisha. Mshauri wa koperative yako ya akiba ni mwingine. Ukienda, beba kaye ya miezi miwili, risiti ya patanti, kibali chako cha biashara, na nguo mbili ulizoshona: moja unayojivunia, na moja ambayo mteja aliirudisha.